Jana, Juzi na Kiingereza cha Rubwera

Wako wanaodhani kuwa sarufi ni jambo la darasani tu, na kwamba mtu akishatoka skuli huiacha nyuma pamoja na daftari na chaki. Wapenzi wa ushairi hawawezi kukubaliana na dhana hiyo. Wao wanajua kuwa silabi moja ikipungua katika kipande, sikio hushtuka kabla akili haijajua kilichotokea. Lugha ya kila siku nayo ina mizani ya namna hiyo. Mtu anayesema "nimekuja" badala ya "nilikuja" amekwisha kupima. Amechagua baina ya safari ambayo matokeo yake bado yapo mbele yetu na safari iliyokwisha kupita. Hakukaa akafikiri, na wala hakufunzwa na mtu. Mizani hiyo aliipokea pamoja na maziwa ya mama.

Swali linalonishughulisha katika makala haya ni hili: mtoto anapotakiwa kusema kwa mizani ya watu wengine, ile aliyokuja nayo kutoka nyumbani huenda wapi? Nimelitafakari swali hili mbali sana na bahari, katika mji mdogo wa Rubwera, Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera, ambako dada yangu ameolewa.

Msomaji wa visiwani huenda hajawahi kulisikia jina hilo. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipomegwa kuwa wilaya peke yake mwaka 2012. Mtu akishavuka Bukoba na Kyaka, akapanda vilima vya Karagwe mpaka njia panda ya Omurushaka, hushika barabara ielekeayo Murongo, mpakani na Uganda, na huko njiani ndiko iliko Rubwera. Magharibi yake unapita mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Nchi yote ni migomba na mibuni. Nyumba hukaa ndani ya migomba kama neno linavyokaa ndani ya sentensi, na mgeni hupita karibu nayo asijue kama pana watu. Lugha ya wenyeji ni Kinyambo, ndugu wa karibu wa Kihaya na wa Kinyankole cha upande wa pili wa mto. Kiswahili ni lugha ya soko, ya ofisi na ya shule ya msingi. Kiingereza huja baadaye, nacho huja kwa kishindo.

Kabla sijaendelea, ningependa kukumbusha kuwa sisi wa pwani si wageni kabisa katika nchi ile. Katikati ya karne ya kumi na tisa wafanyabiashara waliotoka Unguja walikuwa na kituo chao Kafuro, katika ufalme wa Karagwe. Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, baada ya kuondoka Unguja mwaka mmoja kabla, alipokewa kwa maamkizi ya Kiswahili. Ameyaeleza hayo mwenyewe katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa 1863. Yaani Mwingereza na Mnyambo walipokutana kwa mara ya kwanza katika nchi ile, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kukaa baina yao. Miaka zaidi ya mia na hamsini imepita, na mkao huo haujabadilika sana. Mtoto wa Rubwera anayejifunza Kiingereza bado hukifikia kwa kupitia Kiswahili, na nyuma ya Kiswahili kipo Kinyambo kinachosikiliza kimya kimya.

Nilikwenda huko mara ya kwanza mwaka 2014, nikakaa likizo nzima. Mimi ni mwalimu wa lugha, na mwalimu wa lugha hana likizo penye daftari. Jioni watoto wa dada yangu walileta kazi zao za Kiingereza mezani, na jirani zao nao wakaja, mpaka ukumbi ukawa darasa la pili. Daftari zao zilijaa vielelezo. Mwalimu aliandika sentensi moja ubaoni, kisha wanafunzi wakaijaza kwa maneno mengine: jina hapa, kitenzi pale, wakati mwishoni. Njia hiyo ina historia ndefu. A. S. Hornby, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza huko Japani kabla ya Vita Kuu ya Pili, aliyapanga matumizi ya vitenzi vya Kiingereza katika vielelezo ishirini na tano, akavieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954. Kazi yake ilienea duniani kote, na katika kila darasa ambamo watoto huambiwa wabadilishe neno moja na kuacha mengine, mkono wake umo.

Sina ugomvi na vielelezo. Mshairi naye hujifunza kwa vielelezo: hupewa bahari, idadi ya mizani na mahali pa vina, akaambiwa ajaze. Lakini mwanafunzi wa ushairi hupata pia jambo la pili ambalo halimo katika hesabu. Huusikia utenzi ukisomwa harusini au msibani, akajua bahari hii hubeba maneno ya namna gani. Watoto wa Rubwera walipewa hesabu bila ya harusi wala msiba.

Jioni moja binti wa dada yangu, aliyekuwa Kidato cha Pili, aliniletea insha yenye alama nyekundu. "Mjomba," alisema, "mbona hapa nimekatwa?" Insha ilikuwa juu ya kahawa ya nyumbani kwao. Sentensi zake tatu za mwanzo zilikuwa hivi: "My grandmother had planted this coffee. Yesterday my mother picked it. Today I have put it on the mat." Neno "had" lilikuwa limezungushiwa duara, na pembeni pameandikwa kuwa ni kosa.

Kwa kanuni ya Kiingereza mwalimu alikuwa na haki. "Had planted" huhitaji matukio mawili yaliyopita, moja limetangulia jingine: tulipofika, yeye alikuwa amekwisha kuondoka. Bibi aliyepanda kahawa miaka thelathini iliyopita hahitaji zaidi ya "planted". Lakini nilipozitazama sentensi zile tatu pamoja niliona kitu ambacho wino mwekundu haukukiona. Mtoto yule hakukosea kwa kubahatisha. Alikuwa na mpango. Alitumia umbo moja kwa mambo ya leo, umbo jingine kwa mambo ya jana, na umbo la tatu kwa mambo ya zamani. Nikamwomba anitafsirie sentensi zile kwa Kinyambo, na hapo mpango wake ukadhihirika wote.

Lugha za ukoo huo, Kinyambo, Kihaya, Kinyankole na wenzao, zina wakati uliopita wa namna tatu. Mfano uliopata umaarufu duniani ni wa Kihaya, ambao Bernard Comrie aliutumia katika kitabu chake juu ya nyakati cha mwaka 1985. Kitenzi ni "koma", maana yake kufunga kwa kamba. Mhaya akisema "twakoma", amekusudia tulifunga leo, mapema kidogo. Akisema "tukomile", tulifunga jana. Akisema "tukakoma", tulifunga juzi au siku yoyote iliyo nyuma ya hapo, hata kama ni enzi za mababu. Henry Muzale ameichunguza mifumo hii ya lugha za ukoo huo katika tasnifu yake ya mwaka 1998, na Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameiandikia Kinyambo sarufi yake kamili, iliyotoka mwaka 2005. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la kubuni wala tabia ya mtoto mmoja. Katika nchi ile, mtu hawezi kusema kwamba jambo limetokea bila ya kusema, ndani ya kitenzi chenyewe, kama ni la leo, la jana au la kabla ya jana.

Sasa mfikirie mtoto huyu amekaa mbele ya Kiingereza. Ana visanduku vitatu vya wakati uliopita, na mwalimu amemfundisha maumbo matatu: "have planted", "planted" na "had planted". Afanye nini isipokuwa kutia kila umbo katika sanduku lake? Hesabu ilitimia bila ya salio. Lililo karibu na sasa akalipa "have", la jana akaliacha lilivyo, na la mbali akalipa "had", ambalo sura yake yenyewe inaonekana imerudi nyuma hatua moja zaidi. Ni kazi ya akili yenye nidhamu, na malipo yake yalikuwa duara jekundu.

Kiswahili kilichokaa katikati hakikumsaidia, nacho kina mambo yake. Sisi tunayo "-ka-" pia, lakini kwetu haisemi umbali. Kwetu "-ka-" ni kamba ya kuunganisha: nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi. Hufuata, aghalabu haitangulii. Mtoto wa Rubwera huisikia silabi hiyo hiyo tangu utotoni ikiwa na maana ya zamani, na huko kwao inaweza kufungua habari bila ya kungoja kutanguliwa na kitu. Ndiyo maana baadhi ya watoto pale nyumbani walianza hadithi zao za Kiswahili kwa "nikaenda", na mgeni wa pwani akabaki anangoja mwanzo ambao kwa msimulizi ulikwisha kupita. Silabi ni moja, lakini saa zake mbili hazilingani.

Lipo tena suala la "-me-". Katika mazungumzo yetu ya kila siku, bara na pwani, si ajabu kumsikia mtu akisema "nimemwona jana". Wapo wanaoikataza sentensi hiyo, lakini watu wanaisema na wanaelewana. Kiingereza sanifu hakiruhusu "I have seen him yesterday". Sababu yake, nionavyo, ni kwamba "have" kwa Mwingereza ni neno la kumiliki kabla ya kuwa neno la wakati. Anayesema "I have seen" ni kama aliyesema kwamba kuona kule bado anako mkononi. Jana haiwezi kuwa mkononi, kwani imekwisha kwenda. Nilipowaeleza watoto hivyo, kwamba "have" ni mkono uliofumbwa na "jana" ni mkono uliokwisha kufunguka, mmoja wao alicheka akasema, "Kumbe wana sababu!" Kauli hiyo ilinikaa moyoni. Kwa miaka miwili alikuwa ameichukua sarufi ya Kiingereza kuwa ni amri, na hakuna aliyewahi kumdokezea kuwa ni mawazo ya watu.

Yote hayo ni ya daftari, na daftari linaweza kusahihishwa. Yapo yasiyosahihishika.

Binti yule alinisimulia habari ya mwenzake wa bweni katika shule moja ya wilaya ile. Asubuhi moja msichana huyo aliletewa habari kuwa bibi yake, aliyemlea tangu mdogo, amefariki usiku. Ilikuwa ni saa ya masomo, na kanuni ya shule ilikuwa kwamba darasani hakusemwi lugha yoyote ila Kiingereza. Alisimama kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani kuzika. Alisema: "Please teacher, I am died by my grandmother." Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akatabasamu, akamwambia akae atengeneze sentensi yake vizuri kwanza. Alikaa. Hakusimama tena. Alipotoka mchana na kupata usafiri, alifika kijijini akakuta kaburi limekwisha kufukiwa.

Ningemwomba msomaji aitazame sentensi ile iliyochekwa. Kwa Kiswahili msichana yule angesema "nimefiwa na bibi yangu", na hakuna ambaye angecheka. Kila mtu angesema pole. Kitenzi "kufiwa" ni katika vitu vilivyo bora kabisa ambavyo lugha zetu zimevitengeneza. Kimeanza na "kufa", kitendo kisicho na mtendwa, kwani afaye hufa peke yake. Kisha kikaongezwa kauli ya kutendea, kwamba kifo kile kinamhusu mtu mwingine na kimemwangukia yeye. Kisha kikaongezwa kauli ya kutendwa, kwamba yule aliyeangukiwa ndiye sasa anayesimama mwanzo wa sentensi. Kwa silabi moja mbili, sarufi imemtoa mfiwa pembeni ikamweka katikati, watu wapate kumwona na kumwambia pole. Kinyambo nacho hujenga kwa viambishi vya namna hiyo hiyo, na ni maarufu kwa utajiri wa minyumbuliko yake. Utafiti wa Rugemalira wa mwaka 1993 ulikuwa juu ya viambishi hivyo hivyo vya vitenzi vya Kinyambo. Msichana yule alikuwa na kauli hiyo katika lugha mbili. Ya tatu haikuwa nayo.

Kiingereza hakiwezi kumgeuza marehemu kuwa mtenda wa kauli ya kutendwa. Mwingereza wa kawaida aliyefiwa husema "I have lost my grandmother", nimempoteza bibi yangu. Neno hilo la kufiwa limekopwa kwa mtu aliyepotelewa na ufunguo au mwavuli. Sisemi kwamba Waingereza hawahuzunikii maiti wao. Kila kaumu hulia kwa sarufi yake. Lakini mtu asiyeambiwa hatalijua hilo kamwe kwa akili yake. Angesoma vielelezo vyote ishirini na tano, angejua mahali pa kitenzi na mahali pa jina, na bado asubuhi ya msiba asingejua kwamba anatakiwa kusema amempoteza mtu ambaye anajua vyema aliko.

Hicho ndicho ninachokiita jambo zito la vielelezo vya kila siku. Tunavifundisha kana kwamba sentensi za kila siku ni nyepesi, na kwamba uzito uko katika maneno marefu ya sayansi. Ukweli ni kinyume chake. Neno la sayansi huja na maelezo yake kitabuni. Namna ya kuomba maji, ya kutaka ruhusa, ya kukataa bila ya kuudhi, ya kutoa habari ya kifo, haina kitabu. Na hapo ndipo mtu hupimwa utu wake na wanaomsikiliza.

Chukua mfano wa kuomba. Mtoto wa Rubwera amefunzwa nyumbani kusema "naomba", na amefunzwa kuwa mkubwa hupokewa kitu kwa mikono miwili. Akihamishia ombi lake katika Kiingereza kwa kielelezo cha amri alichofunzwa, husema "Give me the book", na akasikika mkavu, ilhali mikono yake miwili imeshikana kwa heshima. Heshima ya Kiingereza haiko mikononi. Imefichwa katika wakati: "Could you give me the book?" Umbo hilo la wakati uliopita halina uhusiano wowote na jana. Msemaji amerudi nyuma hatua moja katika wakati ili asimkaribie mno anayemwomba. Je, hilo ni geni kwetu? Hata kidogo. Mara ngapi tumebisha hodi kwa mtu mzima tukasema, "Nilikuwa na ombi," ilhali ombi tunalo papo hapo? Nilipowaonyesha watoto kuwa "nilikuwa na ombi" na "could you" ni ndugu, walilipokea "could" kama mtu anayemtambua jamaa yake katika nguo za ugenini.

Au chukua "a" na "the", maneno mawili madogo yanayowatesa wanafunzi wetu wote. Huambiwa kuwa Kiswahili hakina vitu hivyo, basi wakariri. Lakini mtu akisema "nimesoma kitabu", kisha akasema "nimekisoma kitabu", ametenganisha mambo mawili: cha kwanza ni kitabu chochote, cha pili ni kile tunachokijua mimi na wewe. Ile "-ki-" inafanya sehemu kubwa ya kazi ya "the". Na Kinyambo kina irabu inayotangulia jina, kama ilivyo katika "omuntu", ambayo huwepo au huondoka kwa kanuni zake. Mtoto ambaye tangu kuzaliwa amekuwa akiiweka na kuiondoa irabu hiyo hawezi kuambiwa kuwa hajui kitu juu ya viambajengo vidogo vya jina. Anavijua kuliko mwalimu wake.

Nchi yetu imejadili jambo hili kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule ya msingi huko bara, na mtoto huingia Kidato cha Kwanza akakuta kila kitu, kuanzia historia hadi kemia, kimegeuka Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya mwaka 1995 ilikiacha Kiingereza mahali pake. Sera ya mwaka 2014 iliifungulia Kiswahili mlango wa kutumika katika ngazi zote, lakini mlango kufunguliwa ni jambo moja na watu kuingia ni jingine. Kwetu Zanzibar, sera ya mwaka 2006 iliamua kuwa hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekuwa akirudia kwa miaka mingi nukta moja iliyo wazi: kuifundisha lugha vizuri ni jambo moja, na kuifanya lugha isiyojulikana kuwa chombo cha kufundishia kila kitu ni jambo jingine, na la pili halileti la kwanza.

Nilimsomea shemeji yangu hoja hiyo. Yeye ni mkulima wa kahawa na ana maoni yake. "Shemeji," aliniambia, "nyinyi wa pwani lugha mnayo, ndiyo maana mnaweza kuionea huruma. Mtoto wangu akivuka Murongo tu, kule Uganda wanamsubiri na Kiingereza. Akienda kuuza kahawa, barua ni ya Kiingereza. Mimi sitaki aongezewe huruma. Nataka ajue." Sikuwa na la kumpinga, na wala sitaki kumpinga hapa. Mzazi anayetaka mwanawe ajue Kiingereza hakosei. Hoja yangu ni kwamba kanuni ya kumnyamazisha mtoto haimpi Kiingereza anachokitaka baba yake. Inampa mtoto anayekaa chini asisimame tena.

Katika siku zilizobaki za likizo ile tulifanya jambo rahisi. Tulichukua karatasi tukaigawa safu tatu: Kinyambo, Kiswahili, Kiingereza. Watoto walileta sentensi za nyumbani tu: mvua imetuzuia, mtoto amelala, ndizi zimeungua, nimechelewa kwa sababu ya ng'ombe. Kila sentensi ilisemwa mara tatu, kisha tukaulizana kila lugha imeona nini ambacho nyingine haikuona. Tuligundua kuwa Kiingereza hakimwachi mtu aseme "mvua inanyesha" kwa raha, bali hutaka "it is raining", na hiyo "it" haina mtu wala kitu ndani yake, ni kiti kitupu kilichowekwa kwa sababu sentensi ya Kiingereza haikubali kusimama bila ya mtenda. Tuligundua kuwa Kiingereza hulazimika kutangaza kama mtu ni mwanamume au mwanamke kila kinapomtaja kwa kiwakilishi, ilhali "a-" yetu humwacha awe mtu kwanza. Tuligundua pia kuwa ukiulizwa "hujala?" na hukula, Mswahili hujibu "ndiyo", akimkubalia muulizaji, na Mwingereza hujibu "no", akiikubali njaa yake.

Na yule binti aliandika upya habari ya kahawa. Safari hii aliandika kuwa bibi "planted" na mama "picked", maumbo ya namna moja kwa siku mbili zilizo mbali mbali. Alipomaliza aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, kwa Kiingereza bibi na mama wamekuwa karibu." Nilimwambia ni kweli. Kiingereza kimeuvunja ukuta uliosimama baina ya jana na juzi, na anayetaka kuusimamisha tena hana budi kutafuta maneno ya nje ya kitenzi: "long ago", "in those days". Akaongeza "long ago". Alama hazikuwapo, kwani shule zilikuwa zimefungwa. Lakini alijua sababu ya kila neno aliloliandika.

Historia ya lugha yetu wenyewe inatufunza jambo hapa. Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864 hakujua Kiswahili. Mwaka 1870 alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, na Waingereza waliokuja baada yake walijifunzia humo. Mwaka 1944 E. O. Ashton alitoa sarufi yake, ambayo ilitumiwa na vizazi vya wageni. Vitabu vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Kila kielelezo chetu, "-ka-" na "-ki-" na "-me-", kilifasiriwa kwa mgeni kutoka katika lugha aliyoijua. Hakuna Mwingereza aliyeambiwa kwamba ili ajifunze Kiswahili ni lazima aisahau lugha ya mama yake mlangoni, na hakuna aliyechekwa akaambiwa akae mpaka atengeneze sentensi yake. Walipewa daraja kutoka ufuko wao hadi wetu, na wengi wao walivuka.

Mtoto wa Rubwera anaomba daraja la namna hiyo hiyo. Mbao zake zipo: sarufi ya Kinyambo imekwisha kuandikwa, Kiswahili anacho, na Kiingereza kimo katika mtaala. Kinachokosekana ni mwalimu aliyeruhusiwa kuzitumia lugha zote tatu katika chumba kimoja, ili siku mtoto atakapofikwa na msiba asimame aseme kwa lugha yoyote aliyo nayo, apewe pole kwanza na ruhusa papo hapo, na sentensi isahihishwe akisharudi kutoka maziarani.